Kuichambua namba kubwa kwa mkono: mfano wa 749,028

Juzi mdogo wangu aliniletea daftari. Swali lilikuwa: 749,028 ina vigawo vingapi? Yeye alipata 24, na jibu ni 48. Sikuhangaika kutafuta kosa, maana mahali hapohapo paliwahi kunilia jioni nzima.

Hatua ya 1: Toa namba tasa ndogo. Gawa kwa 2 mara mbili, upate 187,257. Tarakimu zake zinajumlika 30, hivyo 3 inaingia lakini 9 haiingii. Inabaki 62,419. Gawa kwa 7: 8,917.

Hatua ya 2: Usiiamini 8,917. Ukiitazama utadhani ni tasa. Haigawanyiki kwa 11, 13, 17, 19, 23, 29 wala 31, na kufikia hapo mkono umechoka. Mdogo wangu aliachia kwenye 31, kama nilivyoachia mimi. Tasa inayofuata ni 37, na 37 × 241 = 8,917 kamili.

Sasa, utajuaje pa kuishia? Tafuta kipeuo cha pili. 94 × 94 ni 8,836, na 95 × 95 ni 9,025, imeshapita. Kwa hiyo vigawo viwili haviwezi vyote kuzidi 94. Kimoja lazima kiwe 94 au chini yake. Jaribu tasa zote hadi 89. Zikigoma zote, hapo ndipo useme ni tasa, si kabla.

Mambo mawili zaidi. Kwanza, kila ukipata kigawo, mpaka unashuka. Baada ya 37 imebaki 241, na kwa kuwa tasa zote zilizo chini ya 37 zimeshagoma, na 37 × 37 ni 1,369, basi 241 ni tasa bila kujaribu chochote tena. Pili, andika baki, usitazame desimali za kikokotoo. "31 × 287 = 8,897, baki 20" unaweza kuihakiki kesho; 287.645 haikuambii kitu. Programu za kutoa jibu papo hapo zipo, ila mimi humpa mwanafunzi penseli kwanza, kwa sababu hapa ndipo anapoielewa namba.

Hatua ya 3: Andika kwa vipeo. 2² × 3 × 7 × 37 × 241.

Hatua ya 4: Hesabu vigawo. Kila kipeo ongeza 1, kisha zidisha: 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 48. Ukiiacha 8,917 nzima, 2 moja inapotea na unabaki na 24.

Hatua ya 5: Jumla ya vigawo. (1 + 2 + 4) × 4 × 8 × 38 × 242 = 2,059,904. Toa namba yenyewe: 1,310,876. Vigawo vyake vingine vikijumlishwa vinaipita.

Ukitaka kuifanya mraba kamili, vipeo vyote viwe shufwa. Hapa ni cha 2 pekee, kwa hiyo zidisha kwa 3 × 7 × 37 × 241, yaani 187,257. Utapata mraba wa 374,514.