Namna ya kurefusha waranti ya vifaa vya umeme kwa kadi ya mkopo

Televisheni au friji mpya kwa kawaida huja na waranti ya mwaka mmoja au miwili, na wengi wetu tumeona jinsi vifaa hivi vinavyongoja muda huo umalizike ndipo vianze kusumbua. Baadhi ya kadi za mkopo, hasa za daraja la juu kama Visa Platinum, Signature na Infinite, huambatana na bima inayorefusha waranti ya mtengenezaji, mara nyingi kwa muda usiozidi mwaka mmoja wa ziada, bila malipo mengine zaidi ya ada ya kadi yenyewe. Hata hivyo, manufaa hayo hutegemea benki iliyokupa kadi, na kadi mbili zenye nembo moja huweza kuwa na masharti yasiyofanana hata kidogo.

Kwa hiyo kazi huanza kabla ya kuingia dukani. Iandikie benki barua pepe ukiomba hati kamili ya masharti ya bima ya kadi yako, kwa sababu maelezo ya mdomo kwenye kaunta hayatakusaidia siku ya kudai fidia. Katika hati hiyo tafuta kiwango cha juu cha fidia kwa kila kifaa na kwa mwaka mzima, aina za bidhaa zilizoachwa nje, na idadi ya siku unazopewa kuripoti hitilafu. Angalia pia kama kifaa kinapaswa kusajiliwa baada ya kununuliwa.

Jambo linalowaangusha wanunuzi wengi ni aina ya waranti inayorefushwa. Bima hii hurefusha waranti ya mtengenezaji inayotambulika nchini, wala si ahadi ya mwenye duka. Ukitembea Barabara ya Kenyatta jijini Nakuru au Mtaa wa Oginga Odinga jijini Kisumu, utakuta simu na vipakatalishi vilivyoingizwa na wafanyabiashara kutoka Dubai, pamoja na vile vilivyotumika Uingereza vikasafishwa na kuuzwa upya, vyote vikiwa na karatasi yenye muhuri wa duka inayoahidi miezi kadhaa ya matengenezo. Bei yake huvutia, na huenda mwenye duka ni mwaminifu, lakini pasipo waranti ya mtengenezaji hakuna kitu cha kurefushwa. Muulize muuzaji waziwazi wakala wa chapa hiyo nchini Kenya ni nani, kisha umpigie wakala huyo simu ukiwa bado hapo dukani na umsomee nambari iliyobandikwa nyuma ya kifaa. Ikiwa unanunua simu, bonyeza *#06# upate nambari ya IMEI, ile inayoitambulisha simu hiyo. Usikubali pia kupumbazwa na kibandiko cha miaka 10 kwenye mlango wa friji, kwani aghalabu kinahusu kompresa, yaani injini ya friji, peke yake, huku sehemu nyingine zikiwa na muda mfupi zaidi.

Lipa bei yote kwa kadi kwenye mashine ya dukani. Ukitoa sehemu kwa M-Pesa ili upunguziwe bei, bima huweza kufidia ile sehemu ya kadi tu au kukataa dai zima. Vifaa vya biashara pia huachwa nje mara nyingi, kwa hiyo friji ya kuuzia soda mtaani Kondele, Kisumu, au kompyuta za saiba haziingii.

Siku hiyohiyo piga picha risiti ya eTIMS (mfumo wa ankara za kodi wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya), karatasi ya mashine ya kadi na kadi ya waranti iliyojazwa tarehe na kupigwa muhuri, kwa maana risiti hizi za karatasi laini hufifia kabla hata waranti haijaisha. Hifadhi pia taarifa ya kadi ya mwezi huo. Kisha andika tarehe mbili kwenye kalenda: televisheni iliyonunuliwa tarehe 14 Machi 2025 kwa waranti ya miezi 12 iko mikononi mwa mtengenezaji hadi tarehe 13 Machi 2026, na bima ya kadi inayoongeza miezi 12 huanza kesho yake.

Kumbuka kwamba muda wa ziada kwa kawaida hufuata masharti ya waranti ya awali. Kioo kilichopasuka, maji yaliyomwagika na madhara ya umeme uliopanda ghafla kwa kawaida havimo, na kwa mkazi wa Kisumu au Kakamega, ambako radi hupiga alasiri nyingi za msimu wa mvua, kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme huo kina faida kuliko bima yoyote.

Ikiwa kasoro itajitokeza mapema, anza na muuzaji. Sheria ya Ulinzi wa Wateja ya mwaka 2012 inataka bidhaa iwe na ubora unaostahili, na tangazo la dukani kwamba mali iliyouzwa hairudishwi haliondoi haki hiyo. Kifaa kikiharibika katika muda wa ziada, usimpe fundi wa mtaani akifungue. Ripoti kwanza kwa bima, upate nambari ya dai, kisha ukipeleke kwa kituo kinachotambuliwa na mtengenezaji ili kikuandikie ripoti ya hitilafu na makadirio ya gharama. Fidia huwa ni gharama ya matengenezo, isiyozidi bei uliyolipa. Usiifunge kadi wala kuacha deni lake lichelewe kabla dai halijalipwa, kwani masharti mengi huitaka akaunti iwe hai na isiyo na malimbikizo.