Somo: Kuyaona mate ya kidukari yaliyoganda

Wadudu mafuta weusi wa maharage, yaani vidukari, hapa Tengeru nani asiyewajua? Tunasema wanafyonza. Kumbe kwanza wanatema, tena mate ya aina mbili: ya majimaji, yenye protini za kuutuliza mmea usizibe mirija yake, na mengine yanayoganda kuwa ala, yaani kifuko, ya sindano ya mdomo. Hiyo ala unaweza kuiona.

Kwanza, wakusanye bila kuwavuta, maana sindano iliyozama ikikatika, mdudu hali tena. Mguse mgongoni kwa brashi laini, umsubiri aichomoe mwenyewe. Hapa ndipo wengi hukosa subira.

Kisha kata kichupa cha plastiki kiwe wazi pande zote mbili. Vuta Parafilm (utando wa maabara unaovutika, wa nta na plastiki) hadi iwe nyembamba sana, funika upande wa juu, dondoshea maji ya sukari (gramu 15, maji yafike mililita 100), funika tena kwa Parafilm. Ingiza vidukari ishirini kwa chini, ziba kwa kitambaa, waache hadi kesho.

Asubuhi bandua ile Parafilm ya ndani, isuuze polepole, iweke chini ya hadubini. Kukuza mara 100 kunatosha. Tafuta vijiti vyenye vifundo, kama shanga zilizotungwa. Duara lenye ukingo mweusi ni povu tu. Lilinidanganya wiki nzima.

MASWALI

*Kibosho:* Shikamoo mwalimu. Kazi ya jeni ya mate inajulikanaje?

Marahaba. Unaizima, kisha unamtazama mdudu. Kidukari wa njegere alidungwa RNA (molekuli ya chembe hai) ya kuzima jeni iitwayo C002. Matokeo yalichapishwa 2008. Akiwekwa kwenye mmea alihangaika kuufikia utomvu, akafa mapema.

*Usa River:* Nimepiga dawa, wadudu wamekufa, mbona batobato imeenea kwenye maharage?

Kirusi cha batobato hukaa kwenye ncha ya sindano, na kuonja kwa sekunde chache kunatosha kukipandikiza. Dawa inakuja kuua kazi imekwisha. Tena hupita kwenye mbegu, kwa hiyo angalia ulipanda za wapi. Kirusi cha kukunja majani ya viazi mviringo ni kingine: hupita tumboni, kikaingia damuni hadi tezi za mate, safari ya saa nyingi. Hapo dawa inaweza kuwahi.

*Moshi mjini:* Parafilm sina. Mfuko wa nailoni je?

Nilijaribu. Walikufa njaa wote.