Kabla hujamkabidhi fundi nyara yako

Usimchague fundi wa kukausha nyara, yaani wanyama waliowindwa, kwa kuangalia picha za simu tu. Nenda karakana kwake, uombe kuona kichwa kilichokaa ukutani miaka kadhaa. Kazi mpya zote hupendeza. Anza na macho: kope zishike jicho la kioo bila kuacha ufa, na macho yote mawili yaangalie sawa. Kisha bonyeza sikio taratibu. Likibonyea kwa ndani, ngozi imeshabanduka. Pitisha kidole nyuma ya shingo utafute mshono, hasa kwa nyati, maana manyoya yake machache hayafichi kitu.

Muulize pia ngozi inatengenezwa wapi na kwa njia gani. Anayepaka unga wa dawa juu ya ngozi mbichi na kuishona, mimi simpi ngozi nene ya nyati hata akinifanyia bure. Na bingwa wa swala si lazima amuweze simba. Uso wa simba umewaumbua wengi.

Bei na muda viandikwe. Kama nyara itavuka mpaka, mjue mapema nani anashughulikia vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.