Malaika wa karatasi asiyelala chali

Kabla ya kukunja chochote, pinda karatasi polepole, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Inakopinda bila ukaidi ndiko kunakofuata nyuzi zake, na marinda yaelekee huko huko. Ukienda kinyume, mikunjo inachanika kingo na gauni halitulii. Wengi huruka hatua hii, na inaniuma kuona kazi nzuri ikiharibika kwa sababu hiyo tu.

Gauni: karatasi ya sentimita 20 kwa 15, marinda ya sentimita 1, kila mkunjo ukandamizwe kwa ukucha. Mabawa: karatasi ndogo zaidi, marinda membamba, ibanwe katikati.

Sasa uzi. Usitumie gundi shingoni, huacha madoa. Weka mabawa nyuma ya gauni, zungusha uzi mara tatu sentimita 1 chini ya ukingo wa juu, ufunge kwa nguvu. Ncha zote mbili zipande kati ya gauni na mabawa, zipite ndani ya ushanga mkubwa ambao ndio kichwa, kisha ufunge kitanzi. Zikipandia mbele ya gauni, malaika atalala chali akining'inizwa.