Jinsi ya kutengeneza mizinga, mashua na vidude vya sitaha vya modeli ya manowari Königsberg bila kununua seti ya vipande vilivyotengenezwa tayari

Wadau wa modeli, leo naongelea vile vidude vya juu ya sitaha, mizinga, mashua, mabomba ya hewa, reli, nanga na mnyororo wake. Mwili wa meli mtu yeyote mwenye mbao laini, msasa na subira ataufikisha mahali, ila kinachomfanya mtu ainame aichungulie modeli yako kwa karibu ni hivi vidogo, na hivi ndo wengi wanavimaliza harakaharaka wakiwa wameshachoka na mwili.

Mfano wangu ni meli moja tu, Königsberg, ile kruza (manowari ya kati yenye mwendo kasi) ya Wajerumani iliyoizamisha manowari ya Kiingereza HMS Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, alafu ikaingia kujificha delta ya Rufiji mpaka nahodha wake Max Looff akaamuru izamishwe Julai 1915 baada ya kupigwa na manowari mbili za Kiingereza, Severn na Mersey. Nimeichagua kwasababu historia yake iko kwenye maji yetu, na pia kwasababu mzinga wake wa kweli upo Fort Jesus Mombasa, yaani unaweza kwenda ukasimama mbele yake na tepu mkononi. Hiyo ndo hoja yangu kubwa hapa: usianze na picha ya modeli ya mtu mwingine, anza na chuma chenyewe, maana ukinakili modeli unanakili na makosa yake.

Skeli nakushauri 1:100. Mita moja inakuwa sentimita moja, hesabu unafanya kichwani. Meli ilikuwa na urefu wa mita 115.3 kwahiyo modeli inatoka sentimita 115 na kidogo, ni kubwa ndio, lakini vidude vinashikika. Ukienda 1:200 mtutu wa mzinga unabaki na urefu wa milimita 21, kama ndo unaanza utateseka bure. Na ukipakua michoro angalia isije ikawa ya ndugu zake, Nürnberg, Stuttgart na Stettin, hao walikuwa warefu kidogo, mita 116.8, ukichanganya michoro vitu vya sitaha havitakaa sawa.

KUPIMA

Mizinga ilikuwa kumi, ya milimita 105, urefu wa mtutu ni kipenyo hicho mara 40, yaani mita 4.2. Miwili ilikaa mbele sambamba, mitatu kila ubavu, miwili nyuma sambamba. Baada ya meli kuzama Wajerumani waliitoa yote kumi mtoni, wakaiburuza mpaka Dar es Salaam, mingi yake ikawekewa magurudumu ikaenda kupigana nchi kavu na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Hapo kuna jambo la kushika: mtutu ni uleule wa melini, lakini sehemu ya kukalia huenda ilibadilishwa. Kwahiyo ukifika Fort Jesus pima mtutu kwa raha zako, ila kitako na ngao linganisha kwanza na picha za zamani za meli yenyewe, zipo mtandaoni zikiwemo za Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani.

Pale ngomeni kuna pia mzinga wa Pegasus, watu wanauchanganya na huu. Huo wa Kiingereza ni wa inchi 4, yaani mdomo wake ni milimita 101.6 wakati wa Königsberg ni 105, tofauti ni ndogo ila rula inaiona. Ongea na wahusika wa makumbusho kabla hujaanza kushikashika, wakijua unachofanya hamna shida.

Picha zipige kutoka mbali kidogo alafu uvute kwa zumu, ukipiga karibu sana sehemu ya mbele inavimba na vipimo vyote vinadanganya. Weka rula ndani ya picha. Baadae nyumbani kile ambacho hukukipima unakipata kwa uwiano: tuseme kwenye skrini mtutu wote una urefu wa milimita 84 na gurudumu fulani la kuzungushia lina milimita 12, basi 12 gawanya kwa 84 mara 4200 unapata 600, hilo gurudumu ni sentimita 60, kwenye modeli ni milimita 6. Hesabu hiyohiyo utaitumia kwa kila kitu, ila kitu unachokipima kiwe umbali sawa na mtutu kutoka kwenye kamera.

MITUTU

Material bora niliyowahi kushika ni ile fimbo ya shaba ya kulehemia kwa gesi, maduka ya vifaa vya kuchomelea wanauza mojamoja, chukua ya milimita 3.2. Inachongeka vizuri, haipindi, na rangi inashika ukiisugua kwanza.

Kata kipande cha milimita 50, ule urefu halisi ni 42, zile nane zilizobaki ni za kubanwa na drili. Drili ifunge kwenye meza kwa klampu, ilale, isicheze kabisa. Kabla ya kuchonga chochote toboa mdomo kwanza, na hapa wengi wanafanya kinyume, wanazungusha kijembe cha drili wakati shaba imetulia, tundu linaenda pembeni. Fanya hivi, shaba ndo izunguke alafu kijembe cha milimita 1 ukishike kwa mkono kwenye kishikio chake kikiwa kimetulia, umeshaweka alama katikati kwa ncha ya sindano, ukigusa taratibu kijembe kinajitafutia kati chenyewe. Kina cha milimita 3 kinatosha kwasababu ndani hakuna atakayeona. Milimita 105 kwa skeli hii ni 1.05, kwahiyo kijembe cha 1 kinakubali, mafundi wa redio na simu wanavyo, vile vya kutobolea bodi.

Sasa umbo. Mtutu wa mzinga wa zama hizo haujapungua moja kwa moja kama karoti, una ngazi, nyuma mnene, alafu pete, alafu unapungua, pete nyingine, mpaka mdomoni. Ukiufanya mteremko mmoja laini unaua kila kitu. Chukua kadi ngumu ukate nachi (mapengo madogo ukingoni) za kipenyo cha kila ngazi kwa kutumia kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, hicho ndo kigezo chako, weka alama za urefu kwa kalamu ya wino mzito huku shaba inazunguka, alafu chonga kwa tupa bapa, ngazi moja moja, unasimamisha drili unajaribisha kigezo, unaendelea. Maliza na msasa namba 400 na 800. Vaa miwani, vumbi la shaba jichoni si mchezo.

Tengeneza kumi na tatu hata kama unahitaji kumi. Ukishazipanga mstari mmoja mezani utaona zipo tatu hazifanani na wenzake, hizo weka pembeni. Macho ya mtu hayajui mtutu una milimita ngapi lakini yanajua haraka sana kwamba huu na ule hawalingani, hasa ile miwili ya mbele inayokaa bega kwa bega.

NGAO NA KITAKO

Ngao ilikuwa chuma cha milimita 50, kwa skeli ni nusu milimita. Kadi ya benki iliyoisha muda ina 0.76, nene kidogo, na huna haja ya kuikwangua yote, punguza ukingo tu kwa ndani na msasa, jicho linasoma unene kwenye ukingo basi. Chora ngao moja kwenye karatasi, fotokopi kumi, bandika kwa gundi ya karatasi juu ya kadi, kata nje ya mstari alafu zibane zote kumi pamoja uzipige tupa kwa mkupuo mmoja, zitatoka sare. Nafasi ya mtutu ikate wakati bado zimebanwa hivohivo.

Pale panapohitaji kupinda, tumbukiza kadi kwenye maji yaliyotoka kuchemka sasahivi, hesabu mpaka kumi, ikilainika ikunje kwenye kitu cha duara chenye kipenyo chembamba kuliko unachotaka kwasababu itarudi kidogo, alafu iache ipoe hapohapo. Ukisaga kadi vaa barakoa, vumbi lake ni baya kwa kifua.

Kitako unakichonga kwenye drili ileile kutoka kijiti cha mishikaki au fimbo ya shaba nene zaidi, kadiri ya picha inavyoonyesha. Magurudumu ya kuzungushia ni uzi mmoja wa waya laini, zile nyuzi za ndani ya waya wa umeme wa kusokotwa mara nyingi zina milimita 0.25, zungushia kwenye msumari mara kadhaa, kata kwa wembe upande mmoja, unapata pete nyingi kwa mpigo, katikati weka vipande viwili kama msalaba na tone dogo la supa glu kwa ncha ya sindano. Usimwage glu kutoka kwenye chupa moja kwa moja hata siku moja, tone la chupa kwa skeli hii ni dimbwi.

MASHUA NA MABOMBA YA HEWA

Mashua usichonge mojamoja. Chonga moja tu ya mbao, ndogo kidogo kuliko saizi unayoitaka kwenye modeli, ifunge juu ya kijiti. Kwenye kipande cha mbao bapa toboa tundu la umbo la mashua hiyo likiwa na nafasi ya unene wa plastiki pembeni. Chukua plastiki nyembamba, kikombe cha mtindi au kifuniko cha chakula, kigongomee juu ya tundu, pasha moto juu ya jiko la umeme ukiwa mbali mpaka ianze kulegea kama inapumua, alafu sukuma ile mashua ya mbao ndani kwa mwendo mmoja usiositasita. Ikichanika ilikuwa baridi, ikikunjamana umechelewa. Fungua madirisha wakati unafanya hivi. Ukishapata ganda zuri ndani yake unaweka viti vya vijiti na mataruma ya uzi, na mashua inaonekana mashua.

Mabomba ya hewa, yale yenye mdomo mkubwa uliopinda kama sikio la tarumbeta, njia ni ileile, badala ya mashua unasukuma ushanga au gololi ndogo, unapata nusu duara lililo wazi, unalikata unalibandika juu ya kijiti kilichokatwa mshazari. Mapengo jaza epoksi ya kuchanganya, ikiganda sugua. Ndani ya mdomo paka rangi mapema maana baadae brashi haiingii.

RELI

Hapa ndo pagumu kweli. Nguzo ya reli ya kama mita moja ni milimita 10 kwenye modeli, na unene wake ukizidi milimita 0.4 meli yote inaonekana ya kuchezea watoto. Tumia zile nyuzi za 0.25, lakini kwanza zinyooshe: shika ncha moja kwa plaizi, nyingine ifunge kwenye jiriwa, vuta mpaka uisikie inaachia kidogo, hapo imenyooka kabisa na imekuwa ngumu kuliko mwanzo.

Alafu tengeneza kalibu. Chora reli kwenye karatasi ya mistari ya milimita, ibandike juu ya mbao ngumu, kata vijifereji vya wima kwa wembe kila sehemu ya nguzo na vya ulalo kwa zile waya tatu, laza nyuzi ndani, bana ncha kwa tepu, gusa kila makutano na pasi ya kulehemu yenye ncha nyembamba, flaksi kwanza (dawa ya kufanya risasi ishike), waya wa risasi wa kulehemia kidogo sana, gusa na kuondoa. Ukikaa sana makutano ya jirani yanaachia. Acha kila nguzo iwe ndefu milimita tatu chini, hizo zinaingia kwenye matundu ya sitaha, reli iliyobandikwa juujuu itang'oka siku ya kwanza mtu akipitisha kitambaa cha vumbi.

Supa glu badala ya risasi inawezekana, ila kona zitakusumbua.

Nanga chonga kutoka kadi ya benki tabaka mbili. Mnyororo wa duka la urembo mara nyingi pete zake ni za duara mno, ukitaka wa haki zungushia waya kwenye misumari miwili myembamba iliyobanwa pamoja ili pete itoke ndefu, kata, unganisha mojamoja, katikati ya kila pete weka kijiwaya cha kukatiza. Ni kazi ya jioni kadhaa na redio.

Kila kitu kipakwe rangi kabla hakijapanda sitahani. Praima ya spree ya magari inafaa ila puliza kutoka mbali, nyembamba mara mbili ni bora kuliko nzito mara moja, ikijaza zile ngazi za mtutu kazi yote ya tupa imepotea. Kupandisha anza na vya katikati ya meli, mabomba ya hewa kuzunguka zile dohani tatu, alafu mizinga ya ubavuni, mashua, mizinga ya mbele na nyuma, nanga, na reli iwe ya mwisho kabisa ukianzia upande ule ambao mkono wako hautarudi kupita tena.