Kabla ya Kuleta Konokono wa Baharini Nyumbani Kisumu

Konokono wanaokula mwani ndio wasafishaji bora wa tangi la kioo la kufugia matumbawe, lakini ukiwaleta mapema watakufa njaa kwenye kioo kisafi. Kwa sisi tulio Kisumu, mbali na Bahari Hindi, kazi yote huanzia kwenye maji. Konokono hununuliwa mwisho.

Maji ya bahari utayatengeneza mwenyewe. Chumvi ya jikoni haifai, kwa sababu haina madini ya kalisi (kalsiamu) na magnesi ya kutosha, na konokono hujenga gamba lake kwa kalisi. Tafuta chumvi maalum ya matangi ya matumbawe, uichanganye na maji yaliyochujwa kwa mashine ya utando, kama ile inayotumiwa na wauzaji wengi wa maji ya kunywa. Ukinunua kwao, uliza kwanza kama huwa wanayarudishia madini baada ya kuyachuja, maana unataka yasiyorudishiwa.

Kitu cha kuogopa zaidi ni shaba. Samaki anaweza kuivumilia kiasi, konokono hawezi, hata ikiwa kidogo sana. Inaweza kutoka kwenye mabomba ya nyumba, na baadhi ya dawa za kutibu samaki wa baharini zimetengenezwa kwayo. Mawe ya ndani ya tangi yakishaifyonza huendelea kuiachia polepole. Kwa hiyo ukipata tangi la mkono wa pili, muulize mwenyewe aliwahi kutia dawa gani. Akisitasita, mawe yale yaache.

Pima chumvi kwa kifaa kiitwacho refraktomita, ulenge gramu 35 kwa kila kilo ya maji. Halafu kumbuka joto letu. Maji yakikauka chumvi hubaki, kwa hiyo yakipungua ongeza maji yasiyo na chumvi, kidogo kila siku. Joto la tangi likae nyuzi 24 hadi 26. Hapa utahitaji feni ya kupuliza juu ya maji kuliko hita. Weka pia pampu ya hewa ya betri, maana stima ikipotea usiku hewa ndani ya maji huisha haraka.

Sasa subiri, na hapa ndipo wengi hushindwa. Tangi jipya huchukua wiki kadhaa kabla bakteria hawajatosha kumaliza amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa tangi. Vipimo vyote viwili visome sifuri. Baadaye kioo hupata vumbi la kahawia, kisha utando wa kijani. Huo ndio chakula. Konokono akipita utaona mdomo ukifunguka na kufunga, na nyuma yake alama za kupindapinda pale meno yake madogo yalipokwangua.

Mimi ningeanza na konokono wa aina ya Trochus, watatu au wanne kwa tangi la lita 200, kwa sababu akianguka chali hujigeuza mwenyewe. Astraea mara nyingi hubaki hivyo hivyo mpaka afe. Turbo hula sana, lakini ni mzito na huangusha matumbawe ambayo hayajagundishwa. Nassarius hula mabaki ya nyama, mwani hagusi. Usijiokotee tu ufukweni ukienda Mombasa: mbuga za bahari zinakataza, na konokono-koni wana sumu inayoweza kuua mtu. Wa ziwani nao hapana. Chumvi itawaua, na baadhi yao hubeba kichocho.

Siku wakifika, zima taa, na wakiwa bado katika maji waliyokuja nayo, wape maji ya tangi tone kwa tone kwa saa moja au zaidi, maana mabadiliko ya ghafla ya chumvi huwadhuru vibaya. Wiki ya kwanza wakague kila asubuhi. Asiyesogea mguse: aliye hai hujivuta ndani na kujifunga kwa kifuniko chake. Akibaki amelegea, mnuse. Harufu ya kuoza ikikupiga, mtoe siku hiyo hiyo kabla amonia haijapanda.