Injini ya Boti Ikizima Kwenye Mkondo: Anza na Dizeli

Kwanza tupa nanga. Vijana wengi hapa Kilindoni, Mafia, injini ikizima tu, wanainama na spana huku mkondo unachukua chombo, na wakiinua kichwa mwamba uko jirani. Kama mna tanga, pandisheni. Injini itasubiri.

Kisha jiulize ilizimaje. Nahodha akinipigia simu, hilo namuuliza hata kabla ya kuuliza ni injini gani. Kama ilipanda na kushuka, ikakohoa, ikafa taratibu, ni dizeli. Kama ilizima ghafla, kama iliyoshikwa, angalia propela: huenda imekula kamba au wavu. Na kama ilikuwa nzito na inanuka joto, usiistati. Iache ipoe.

Kesi nyingi ninazopelekewa ni za dizeli. Wengi tunajaza kwa madumu, na dumu lililobeba maji ya kunywa jana leo limebeba mafuta. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanakaa chini ya tenki, kimya, mpaka siku ya mawimbi yanapotikiswa pamoja na uchafu wote na kuvutwa kwenye filta. Ndiyo maana injini iliyonguruma vizuri bandarini inakufia katikati ya safari ya kwenda Nyamisati, bara. Dumu liache limetulia usiku kucha, mimina kwa kitambaa safi kisichoachia nyuzi, na kile kidogo cha mwisho chini usikimimine. Ukiwa na wasiwasi, jaza chupa ya plastiki inayoonyesha, iache isimame. Maji yatajitenga chini na utayaona kwa macho. Anayekuchanganyia mafuta ya taa naye anakuharibia pampu, maana pampu ya nozo, ile inayosukuma dizeli kwa presha hadi nozo ziipulize ndani ya silinda, hulainishwa na hiyo hiyo dizeli inayopita ndani yake.

Sasa kazi yenyewe. Fungua nati ya chini ya filta ya kutenga maji, kinga kwa kopo, acha itoke mpaka ije dizeli tupu. Kama filta imejaa uchafu mweusi wenye utelezi, badilisha. Usiioshe kwa petroli na kuirudisha, najua wanaofanya hivyo na najua wanaishia wapi. Fuata mpira kutoka tenki hadi injini ukikagua kila klipu. Mahali palipolegea huenda pasivuje hata tone, lakini panavuta hewa, na dizeli yenye hewa haifiki kwenye nozo kwa nguvu inayotakiwa.

Baada ya kufungua filta lazima utoe upepo, yaani hewa iliyobaki kwenye njia ya dizeli. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, mara nyingi ni spana namba 10 au 12. Pampu kwa mkono kile kilimi cha pampu ndogo inayovuta dizeli kutoka tenki. Povu litatoka, endelea mpaka dizeli itoke bila kiputo, kaza huku bado inatoka. Fanya hivyo hivyo kwenye skrubu ya pampu ya nozo. Kwa injini ya silinda moja yenye tenki juu yake, dizeli inashuka yenyewe, huna haja ya kupampu. Mwisho legeza nati ya bomba la chuma pale linapoingia kwenye nozo, namba 17 kwa kawaida, mwenzako apige stata au azungushe hendo mpaka dizeli iruke, kisha kaza. Mkono wako usiwe mbele: dizeli ya presha ile hupenya ngozi, na hilo ni jeraha la hospitali hata kama tundu ni dogo.

Jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Kama ekzosi yako inapitisha maji, na umepiga stata mara nyingi bila kuwaka, funga valvu ya maji ya bahari. Pampu inaendelea kusukuma maji, moshi wa kuyatoa haupo, yatajaa na kurudi kwenye silinda. Ikiwaka tu, fungua mara moja.

Kama dizeli inaruka vizuri kwenye nozo na bado haiwaki, ishia hapo. Pampu ya nozo haifunguliwi juu ya boti, hata na mimi.

Tuje kwenye joto. Kila ukiwasha, tazama nyuma kama maji yanatoka. Hayatoki? Zima, kagua kichujio cha maji ya bahari. Utakuta mwani au mfuko wa plastiki. Kama ni safi, fungua pampu ya maji uangalie impela ya mpira, kile kigurudumu chenye meno kinachosukuma maji. Ikiwa imevunjika meno, yatafute yote, maana yamekwenda mbele na yataziba njia. Impela mpya ipake maji ya sabuni wakati wa kuingiza. Grisi ya kawaida inaharibu mpira. Maji ya matope ya upande wa Rufiji yanaila haraka, basi anayepita huko abebe ya akiba. Na usimwagie injini ya moto maji baridi, silinda hedi itapasuka.

Moshi nao unasema. Mweusi: mzigo umezidi, hewa haitoshi, au chini ya chombo kumeota chaza na hakujakwanguliwa. Wa bluu: inaunguza oili. Mweupe wakati wa kuwasha asubuhi si neno, ukiendelea injini ikiwa moto ni nozo mbovu au maji yameingia. Hapo chomoa kijiti cha oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, usiiwashe tena, rudini kwa tanga.

Oili ibadilishe injini ikiwa na joto kidogo, kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu chake, pamoja na filta. Zinki, vile vipande vinavyolika badala ya vyuma vya chombo, zikibaki nusu, weka nyingine. Na pale shafti ya propela inapotokea nje, usikaze nati kupita kiasi hadi maji yasidondoke kabisa; chombo kikiwa kinakwenda, padondoshe tone moja moja. Pakikauka kabisa, kamba ya ndani inayozuia maji inaungua na shafti inalika.